Bodi ya karavani isiyobanduka: paneli za faiba na gundi katika hewa ya Mombasa

Ukikata paneli ya karavani iliyoachana, mara nyingi utakuta gundi yenyewe ni nzima. Bado nyeusi, bado inavutika, ukiibonyeza kwa kucha inarudi. Palipokufa ni pale ilipogusana na alumini: pamebanduka pasafi, alumini inametameta, na pembeni mna unga mweupe wa kutu yake. Ndiyo maana kununua gundi ghali zaidi hakuokoi bodi ambayo uso wake haukuandaliwa na kingo zake hazikuzibwa. Gundi hufia usoni, na maji huingilia ukingoni. Mengi ya hapa chini yanahusu sehemu hizo mbili.

Bodi ya mfano ni ya karavani au kibanda cha chakula cha kuvutwa: urefu mita 4, upana mita 2, kimo mita 2, paneli za faiba zenye foamu katikati, juu ya chasisi ya chuma. Hesabu zote zinafuata vipimo hivyo. Bodi yako ikiwa kubwa au ndogo, badilisha namba, usibadilishe mpangilio wa kazi.

Chagua rangi kwanza, gundi baadaye

Paa la rangi ya giza likipigwa na jua la kaskazi, Januari au Februari, hufika nyuzi 70 na kupita. Epoksi iliyokauka kwa joto la kawaida la karakana huanza kulegea kwenye nyuzi 50 hadi 60. Ile gundi ya kopo ya mafundi viatu na makochi hulegea katika joto hilohilo, na foamu za jamii ya polistaireni zikikaribia nyuzi 80 hupoteza umbo. Paa jeupe hubaki chini sana ya hapo. Kwa hiyo nje iwe nyeupe au maziwa. Mteja anayetaka paa jeusi mwambie akapake kuta za ndani.

Kiini na ngozi

Paneli ni ngozi mbili nyembamba na kiini kinene chepesi katikati. Ngozi hubeba mvutano na mgandamizo, kiini huzishika zisikaribiane wala kuteleza. Ngozi ikiachana na kiini kwa eneo la sahani tu, hapo huna paneli tena, una karatasi mbili.

Usitumie ile foamu nyeupe ya punje inayokuja na kasha la televisheni. Ni nyepesi, kama kilo 15 kwa mita ya ujazo, na maji hupita kati ya punje. XPS, foamu ya polistaireni isiyo na punje, ile inayouzwa kwa vibao vya rangi moja vyenye uso laini, ina vyumba vilivyofungwa na uzito wa kilo 30 hivi, nayo inafaa kuta na paa. Foamu ya PU (poliurethani) ya kilo 40 inafaa pia, ila ile inayovunjika kuwa vumbi ukiisugua kwa kidole iache dukani. Sakafu inataka kitu kizito zaidi, kama foamu ya PVC ya kilo 60 hadi 80, au plaiwudi ya baharini iliyofunikwa pande zote.

Plaiwudi ina jaribio lake. Neno “marine” lililopigwa muhuri ubavuni halithibitishi kitu. Kata kipande cha upana wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria kwa muda wa saa 6, kikaushe kwa jua siku nzima, halafu kichemshe tena. Tabaka zikifunguka hata pembeni tu, usiiweke chini ya sinki wala karibu na tairi.

Sasa kosa linalopoteza pesa nyingi: resini ya poliesta ina staireni, na staireni huyeyusha XPS. Dondosha tone moja juu ya kipande, baada ya dakika chache utaona shimo. Ukitandaza mati ya faiba na poliesta moja kwa moja juu ya XPS, kiini kinaliwa kutoka ndani huku juu pakionekana pazuri. Njia ni mbili. Tengeneza ngozi ya poliesta pembeni juu ya meza yenye nta, ikauke kabisa, kisha uibandike kwenye foamu kwa epoksi au gundi ya PU. Au tumia epoksi tangu mwanzo, lakini basi usinunue mati ya nyuzi zilizokatwakatwa: kile kinachozishika nyuzi zake huyeyushwa na staireni, si na epoksi, kwa hiyo hubaki ngumu na haijai resini vizuri. Epoksi inataka kitambaa kilichofumwa au kushonwa.

Kwa ngozi ya poliesta ya paneli moja ya ukuta, mita 4 kwa 2, andaa jelikoti (resini yenye rangi ya uso wa nje) kilo 4 hadi 5, mati ya gramu 450 tabaka mbili, yaani kilo 7.2, na resini kilo 16 hadi 18. Uwiano ni resini mara mbili na robo hadi mbili na nusu ya uzito wa mati. Tabaka mbili hutoa unene wa milimita 2 hivi. Ngozi iliyolowa resini kupita kiasi hung'aa na kupendeza, lakini ni nzito na hupasuka kama sahani ya udongo.

Kuchanganya katika joto letu

Maelekezo ya kopo huandikwa kwa nyuzi 20 hadi 25. Karakana ya mabati Changamwe au Kisauni saa saba mchana ina 33 au zaidi, na kila nyuzi 10 za ziada hupunguza muda wa kazi kwa karibu nusu. Kishawishi ni kupunguza hadina, ile dawa inayoifanya resini iwe ngumu. Kwa poliesta usishuke chini ya asilimia 1, yaani gramu 10 kwa kilo moja ya resini, kwa sababu chini ya hapo haikauki mpaka mwisho. Huwa ngumu kwa kugusa, kisha hubaki na harufu miezi mingi na kunyonya maji. Badala yake changanya kilo moja moja, mimina mara moja kwenye trei pana (ikikaa kwenye kopo refu hujipasha yenyewe mpaka ifuke moshi), na anza kazi saa kumi jioni kivuli kikiwa kimeingia.

Epoksi haina ruhusa hata hiyo. Uwiano wake, uwe 2 kwa 1 au 5 kwa 1, haubadiliki kwa joto wala kwa haraka. Ukizidisha hadina unabaki na hadina isiyo na mwenzake ndani ya plastiki laini. Tumia mizani ya jikoni inayosoma gramu, na uangalie kama kopo linataja uwiano wa uzito au wa ujazo, kwani mara nyingi havilingani. Epoksi ikikauka katika hewa yenye unyevu hutoa utando wa mafuta mafuta juu yake. Utando huo huoshwa kwa maji na pamba ya kusugulia sufuria. Asetoni huusambaza tu. Tabaka linalofuata juu ya utando huo litabanduka kama ganda la yai la kuchemsha.

Hadina ya poliesta ikiingia jichoni inaweza kupofusha: miwani ni lazima, na maji safi yawe karibu. Isikutane kamwe na kobalti (kichapuzi cha resini) ikiwa peke yake. Kama resini yako haina kobalti tayari, changanya kobalti kwanza mpaka ipotee kwenye resini, ndipo utie hadina. Vikikutana vyenyewe hulipuka.

Kubandika ngozi kwenye kiini

Kwa gundi ya PU ya sehemu mbili, tandaza gramu 250 kwa kila mita ya mraba kila upande, kwa mwiko wenye meno. Paneli ya mita 8 za mraba inakula kilo 4. Sugua foamu kwanza kwa msasa wa namba 60 kuondoa uso wake unaoteleza, kisha uondoe vumbi kwa kivuta-vumbi. Kulipuliza kwa kompresa kunaleta matone ya mafuta na maji.

Mgandamizo ndio unaowashinda wengi. Magunia manne ya simiti kwa mita ya mraba ni kilo 200, karibu bari 0.02 tu, nayo hukandamiza pale yalipolala na kuacha pengo kati ya gunia na gunia. Mapengo hayo ndiyo malengelenge ya mwaka kesho: hewa iliyonaswa hupanuka kila mchana na kusukuma ngozi. Nailoni nzito iliyozungushiwa utepe wa butili (raba laini inayonata) pembeni, na kompresa ya friji kuukuu ikinyonya hewa, hufikisha bari 0.5 bila shida. Hizo ni tani 5 kwa kila mita ya mraba, sawa na magunia 100, tena zimesambaa kila mahali sawasawa. Weka kitambaa cha wavu kati ya nailoni na paneli ili hewa ipate njia, na chupa ya kunasa resini kabla ya kompresa. Kama huna njia ya kunyonya hewa, weka ubao mnene juu ya paneli yote kabla ya kupanga magunia, na utoboe kiini matundu ya milimita 2 kila sentimita 10 ili hewa itoke.

Gundi ya PU ya sehemu moja, ile inayokauka kwa unyevu, isitandazwe peke yake kati ya ngozi ya faiba na foamu iliyofungwa. Hewa haifiki katikati, nayo itabaki mbichi. Zile nyepesi zinazofura huruhusu kunyunyiza ukungu wa maji, lakini fuata kopo. Za kwenye soseji, ile mifuko mirefu ya bunduki ya gundi, usizinyunyizie kitu.

Uso

Hapa ndipo pa kutumia nusu ya siku bila kuona haya. Utaratibu ni ule ule kwa alumini, chuma kilichopakwa zinki na faiba, na mpangilio wake una maana.

1. Osha kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) na sabuni, suuza, kausha. Katika hewa ya bahari kila kitu kilicholala nje kina chumvi, na chumvi haiyeyuki kwa asetoni wala kwa thina. Maji ya kisima cha kisiwani mara nyingi yana chumvi yenyewe, kwa hiyo tumia ya mvua au ya mfereji uliyoyaonja.
2. Futa kwa asetoni au spiriti safi kwa vitambaa viwili: kimoja kimelowa, cha pili kikavu kinafuata kabla asetoni haijakauka. Kitambaa kimoja peke yake kinahamisha mafuta tu. Thina ya rangi ya bei nafuu huacha mafuta yake, na petroli isikaribie kabisa.
3. Sasa ndipo usugue, msasa wa namba 80 hadi 120, mpaka mng'ao wote uishe. Ukisugua kabla ya hatua ya pili unayasukumia mafuta ndani ya mikwaruzo. Upande wa faiba uliogusa meza una nta ya kutolea. Huo unahitaji kufutwa mara tatu.
4. Futa tena kwa vitambaa viwili. Vaa glavu mpya, kwa sababu jasho la mkono mmoja linatosha kuharibu.
5. Nyunyiza maji safi kidogo. Yakitandaa kama utando mmoja, uso uko tayari. Yakijikusanya kuwa matone, rudi hatua ya pili. Kausha.
6. Paka praima ya gundi hiyo hiyo, nyembamba, usubiri muda ulioandikwa. Kwa alumini fanya hatua ya tatu hadi hii ndani ya saa moja, kwa sababu ngozi yake ya oksidi hurudi upesi na kuota ovyo katika unyevu.

Usibandike juu ya rangi kama hujui rangi ilivyoshika. Gundi itaishika rangi vizuri sana, na rangi itaachia chuma. Zinki yenye unga mweupe isuguliwe mpaka unga uishe.

Plastiki za polithini na polipropilini hazishiki gundi yoyote ya kawaida. Nguzo za plastiki iliyosindikwa upya ni nzuri kwa ua, lakini ukizificha ndani ya paneli badala ya mbao zitazunguka ndani mwake siku ya kufunga bawaba. Kiini cha sega la polipropilini kinakubali tu kama kimekuja na kitambaa kimeshikizwa kiwandani.

Kuna pia umande. Uso unaobandikwa lazima uwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande. Hesabu ya haraka: toa unyevu wa hewa kutoka 100, gawa kwa 5, jibu ulitoe kwenye joto la hewa. Hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa 80 inakupa 26, kwa hiyo chuma kiwe 29 au zaidi. Chasisi iliyolala nje usiku Mtwapa huwa imepoa, na saa moja asubuhi ina utando wa maji usiouona. Ukipitisha karatasi ya shashi ikalowa, acha. Kati ya saa nne na saa sita, ndani ya kivuli, ndio muda mwema. Siku za mvua ya masika kazi hii isifanyike chini ya turubai.

Bodi juu ya chasisi

Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma: sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi, chuma sehemu 12. Reli ya alumini ya mita 4 iliyoko juani ikipanda nyuzi 40 huongezeka milimita 3.7. Chasisi iliyoko kivulini chini yake ikipanda nyuzi 10 huongezeka nusu milimita. Tofauti ni milimita 3.2, yaani 1.6 kila mwisho kama katikati pametulia. Gundi ya unene wa milimita 3 huyumba nusu ya unene wake na kurudi kila siku bila kulalamika. Gundi iliyobanwa mpaka nusu milimita inatakiwa iyumbe mara tatu ya unene wake, na hiyo inachanika kabla ya mwaka. Ukikaza klempu mpaka gundi yote itoke pembeni umeiua kwa mikono yako. Mafundi wa majahazi wanalijua hili kwa njia yao: kalafati huachiwa nafasi kati ya mbao, haipigiliwi mpaka mbao zigusane.

Kwa hiyo bandika vipande vya raba vya milimita 3 kila sentimita 40 ndipo upige gundi. Kata ncha ya bunduki kwa pembetatu ya upana wa milimita 8 na kimo 12, uishike wima. Mstari huo una mililita 48 kwa mita, na ukibanwa mpaka 3 unatandaa upana wa milimita 16. Soseji ya mililita 600 hutoa mita 12 na nusu. Bodi ya mfano ina maungio ya mita 32 (sakafu 12, paa 12, pembe nne 8). Kwa mistari miwili kila ungio ni mita 64, kisha mita 18 za chasisi: jumla mita 82, soseji 6 na nusu. Nunua 8. Soma tarehe ya mwisho kwenye kila moja, na uibonyeze: yenye uvimbe mgumu katikati imeanza kukauka dukani.

Muda wa gundi kuweka utando juu ni mfupi hapa kwetu. Kopo likisema dakika 40, hesabu 20. Ukibandika juu ya utando inashika kidogo tu, na hakuna kitakachoonekana kwa nje. Watu wawili wapige gundi, wawili waweke paneli, na paneli ikishagusa isiinuliwe tena kurekebishwa.

Kukauka ndani kuna hesabu yake, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Unyevu unaoikausha huingia kutoka pembeni tu, na kila unavyozidi kwenda ndani huenda polepole. Kama siku ya kwanza imekauka milimita 3, mstari wa upana wa 16 unaoingiliwa pande zote mbili unahitaji wiki moja hivi. Mstari wa upana wa 40 unahitaji zaidi ya mwezi. Ndiyo sababu ya kupiga mistari miwili myembamba yenye nafasi kati yake badala ya kujaza upana wote. Karavani isivutwe barabarani kabla ya wiki hiyo, hata kama kwa kidole inaonekana imara.

Riveti mbili tatu kwenye kila mwisho wa ungio zinafaa, kwa sababu gundi huchukia kumenywa kuanzia pembe. Riveti mfululizo kila sentimita 5 hazina faida, kwenye ungio la mita 4 ni matundu 80 ya kuingizia maji. Skrubu ya stenlesi ikipita kwenye alumini hapa Pwani huila alumini kuizunguka. Ichovye kwenye gundi kabla ya kuikaza na uweke washa ya nailoni.

Silikoni isiingie karakana mpaka kazi ya gundi na rangi iishe. Haina nguvu ya kubeba, na mabaki yake hukataa gundi na rangi yoyote itakayokuja. Mwenye gari akirudi miaka mitano baadaye kurekebishiwa, fundi atakulaani.

Kingo na matundu

Kila tundu katika paneli ni kisima kinachoelekea kwenye kiini. Skrubu ya kitasa ikipigwa moja kwa moja kwenye ngozi ya milimita 2 italegea, itaingiza maji, na maji hayo hayatatoka kamwe, kwa kuwa ngozi zote mbili hazipitishi hewa.

Dirisha, bawaba, sinki, kitasa: amua vilipo kabla ya kubandika paneli, na mahali hapo ondoa foamu uweke kipande kigumu, upana wake uzidi nyayo ya kitasa au bawaba kwa sentimita 3 kila upande. Kikiwa cha mbao, kipake epoksi pande zote sita, hasa miishoni mwa nyuzi. Umesahau na paneli imeshafungwa? Toboa tundu la milimita 12 kwa skrubu ya 5, chokonoa foamu kuzunguka kwa msumari uliopindwa, jaza epoksi iliyotiwa unga wa silika mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, ikauke, kisha toboa la skrubu katikati yake. Skrubu haitagusa kiini tena.

Kingo zilizokatwa za dirisha zikwanguliwe foamu kina cha milimita 10, zijazwe epoksi nzito hiyo hiyo, zisuguliwe. Baada ya hapo ndipo fremu ifungwe kwa utepe wa butili, si kwa gundi ya PU, kwa kuwa dirisha litavunjika siku moja na litahitaji kutolewa. Paa liwe kipande kimoja kama inawezekana, mteremko sentimita 2 kwa mita, na kila mpishano ulale kama vigae au makuti: cha juu kikifunika cha chini. Gundi ya PU iliyobaki wazi juani hugeuka chaki na kupasuka, kwa hiyo ifunike kwa pembe ya alumini, rangi, au muhuri usioathiriwa na jua.

Ukingo wa sakafu nyuma ya tairi ndio unaooza kwanza, karibu kila mara. Tairi huupiga kwa maji, mchanga na chumvi, na ndiko plaiwudi ilikokatwa na kuachwa uchi. Upe tabaka tatu za epoksi, kisha kitambaa cha faiba kilichokunjwa kuzunguka ukingo sentimita 5 juu na chini.

Majaribio kabla ya kazi

Tengeneza sampuli kwa nyenzo zile zile utakazotumia, kwa mkono ule ule. Piga mstari wa gundi wa sentimita 20 juu ya kipande cha alumini kilichoandaliwa, uache siku saba, kisha kikae wiki mbili ndani ya ndoo ya maji ya bahari ya uvuguvugu. Inua mwisho mmoja kwa kisu, ushike kwa koleo, uvute nyuma huku ukikata kila sentimita 2 hadi kwenye alumini. Ikichanika katikati yake, ikaacha weusi pande zote, maandalizi yako ni mazuri. Ikiinuka yote kama utepe na kuacha alumini uchi, hata kama ilihitaji nguvu nyingi, imeshindwa. Nguvu ya kuvuta ikiwa kavu haikuelezi chochote kuhusu mwaka wa tatu.

Kwa epoksi ngumu tumia kabari. Bandika vipande viwili vya alumini, unene milimita 3, upana 25, urefu 150, sukuma kabari ya milimita 3 mwisho mmoja, weka alama kwa kalamu ufa ulipoishia. Vifungie siku moja kwenye ndoo yenye kifuniko juu ya maji ya moto kiasi. Ufa ukisogea milimita chache ndani ya gundi ni sawa. Ukikimbia kando ya uso wa alumini, rudi kwenye hatua zile sita.

Baada ya kukabidhi

Mwezi wa Machi, kabla ya masika, zunguka bodi yote na sarafu ya shilingi 20 ukigonga kila sentimita 10. Paneli nzima hujibu kwa mlio mkali mfupi. Penye mwachano hujibu kwa mlio wa kuzubaa, kama kugonga kasha tupu. Zungushia alama ya penseli na uandike tarehe, ili mwakani ujue kama imekua. Osha kwa maji baridi kila wiki kama inaegeshwa karibu na bahari, na upake nta jelikoti mara mbili kwa mwaka. Jelikoti inayoacha unga mkononi imeanza kuliwa na jua.

Lengelenge dogo lililo kavu hutibiwa kwa matundu mawili ya milimita 4: sindano ya epoksi inaingilia moja mpaka itoke la pili, kisha ubao na uzito hadi kesho yake. Kama tundu la kwanza likitoa maji au harufu ya uyoga, usichome epoksi. Fungua ngozi, toa foamu iliyolowa mpaka ukute kavu, acha wazi ikauke, weka kiini kipya, kisha rudisha ngozi kwa mteremko wa 12 kwa 1, yaani sentimita 2.4 za kusugua kuzunguka kila upande kwa ngozi ya milimita 2. Hapo tumia epoksi hata kama ngozi ya zamani ni poliesta. Epoksi hushika poliesta iliyokauka, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, na fundi atakayefuata lazima alijue hilo: andika kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mlango ni resini gani ilitumika na lini.